Stika Nyekundu, Stika ya Kijani

Jumatatu, 3 Juni
Bosi kanikabidhi mashine ya kamari. Hatimaye! Nimeiweka saluni kwa dada, kando ya kioo kikubwa. Dada hakutaka. Nikamwambia ni ya wiki moja tu. Akasema haya, ila kikivunjika chochote nitafute pa kulala. Mashine ina stika nyekundu ya Bosi. Ng'ambo ya barabara ni kwa Kipara, mpinzani wa Bosi, stika za kijani. Kila upande huvunja mashine za mwenzake. Sina wasiwasi.

Jumanne, 4 Juni
Nina wasiwasi. Vijana wa Kipara wamevuka na shoka, wamevunja mashine ya fundi viatu, mlango wa pili kutoka kwetu. Fundi alipiga magoti akiokota misumari yake mmoja mmoja. Nilitaka kumsaidia. Nikapita.
Lakini akili ni mali! Nimekwenda ng'ambo, nimebandua stika ya kijani, nimeibandika juu ya nyekundu yetu.

Jumatano, 5 Juni
Vijana wa Kipara wameingia. Wameona kijani. Wamesalimia, mmoja kaomba maji, wamekwenda zao. Mimi si mtu wa mchezo! Dada kauliza nacheka nini peke yangu.

Alhamisi, 6 Juni
Wameingia vijana wa Bosi. Wameona kijani. Niliapa kwamba ni mashine yetu. Wakasema kila mtu wa Kipara huapa hivyohivyo. Mashine chali. Kioo vipande.
Dada hakunigombeza. Alifagia, kisha akamalizia kumsuuza mteja aliyekuwa bado na povu kichwani. Afadhali angenitukana. Kioo kile alikinunua marehemu mama, saluni ilipofunguliwa. Nililikumbuka hilo kikiwa tayari sakafuni. Imeniuma sana.

Ijumaa, 7 Juni
Nimelala kibandani kwa fundi viatu. Kanipa godoro. Asubuhi kaniambia mshika mbili moja humponyoka. Nimeshinda nikiyawaza maneno hayo. Ni kweli tupu. Nimeliona kosa langu.

Jumamosi, 8 Juni
Vijana wa Bosi wamegundua walivunja ya kwao, wamemdanganya kwamba aliyevunja ni Kipara. Bosi kanisifu kwa uaminifu, kanipa mashine nyingine.
Kosa lilikuwa kubandika stika juu ya stika! Safari hii nyekundu mbele, kijani nyuma, magurudumu manne chini. Nikiona nani anakuja, nageuza. Fundi ananifungia magurudumu huku akitikisa kichwa.
Imebaki mahali pa kuiweka. Dada hajanisemesha tangu juzi. Nitamwambia ni ya wiki moja tu.