Mimi, Ukuta wa Zege na Jirani Asankul

Jumatatu, 6 Oktoba

Burulcha anakuja Jumapili! Burulcha ni mama wa kijana anayemtaka binti yetu Begimai. Anakuja kumvisha hereni mbele ya watu, na akishamvisha, maneno yamekwisha, binti ana mchumba. Zuura mke wangu alilia kwa furaha, akafuta machozi, kisha akautazama ukuta wa sebuleni. Mtupu. Kijivu. Akasema tushkiyiz itoke sandukuni.

Sawasawa kabisa. Marehemu mama yangu aliitarizi kwa mkono wake nilipooa, nguo ya ukutani pana kuliko kitanda, pembe za kondoo dume kwa uzi mwekundu juu ya mahameli nyeusi. Imelala sandukuni tangu tuhamie ghorofa hii ya Bishkek, kwa sababu kuta ni zege tupu na msumari hauingii. Zuura anasema mgeni akiketi mahali pa heshima na nyuma yake pakiwa patupu, atadhani Begimai hana bibi wala ukoo. Haiwezekani. Jumapili mama yangu lazima awepo.

Zuura akashauri nimwombe Asankul, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye drili kubwa ya nyundo. Asankul! Mwaka jana aliniazima ngazi, na mpaka leo hakuna harusi anayohudhuria bila kuwasimulia watu habari za ngazi yake. Nilimwambia Zuura ni afadhali niishike tushkiyiz kwa meno mchana kutwa. Drili ndogo ninayo. Inazunguka, na ukiigeuza swichi inagonga kidogo. Ninachokosa ni biti tu, vile vyuma vya kutobolea, za milimita sita. Nani ameshindwa kununua biti?

Zuura aliipuliza chai yake, na ilikuwa imeshapoa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimenunua seti nzima, ndani ya kijaluba, biti zote rangi ya dhahabu. Zinang'aa kama meno ya shangazi yangu. Niliziweka mezani ili Zuura azione.

Biti ya kwanza ililia, ikatoa moshi, ikachimba kishimo ambacho punje moja ya dengu ingekijaza. Kisha ncha yake ikang'oka. Dhahabu nayo ikabanduka. Rangi tupu! Ya pili iligeuka bluu na kuwa butu. Ya tatu ilikatika, ikaruka, ikatua kwenye bakuli la jamu ya aprikoti. Begimai aliitoa kwa kijiko, akaniuliza kama niko salama. Nilimwambia ukuta ndio uulizwe.

Nikatoka ngazini kuvuta hewa. Asankul alikuwa pale, amevaa kofia yake nyeupe ndefu ya manyoya, mkono kiunoni. "Jirani, mbona nasikia unasaga ngano?" Nikamjibu kwamba ninaupima ukuta afya. Akasema mashine yake ingemaliza kazi kabla birika halijachemka, na hataki malipo. Anataka tu Jumapili aketishwe mahali pa heshima, na kichwa cha kondoo apewe yeye.

Kichwa! Kichwa ni cha mgeni mkubwa, na mgeni mkubwa ni mjomba wa yule kijana. Mtu gani anaomba kichwa cha kondoo kwa sababu ana drili? Nilimwambia ukuta hauna tatizo lolote. Kipande cha zege kilikuwa kwenye nyusi zangu wakati nasema hivyo.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo nimetumia akili. Sinunui tena kwa macho. Nimebeba bonge la zege kwenye mfuko wa sokoni, nikaenda nalo Osh Bazaar mpaka kibandani kwa Kalbubu, mama anayeuza biti, skrubu na kila kitu kinachochoma kidole. Nikataka biti zijaribiwe mbele yangu.

Kalbubu alitazama mfukoni. "Kaka, wengine wanakuja na vikapu, wewe umekuja na barabara?" Watu wakajaa. Hata hivyo alichomeka drili yake. Akanionyesha kile kidonge cha kijivu kichwani mwa biti: rangi si kitu, kidonge ndicho kinachokata, na kama hakikuchomelewa vizuri kinang'oka. Biti nyembamba, akasema, ndizo zinazokufa kwanza. Afadhali ninunue yenye kingo nne, kwa sababu ya kingo mbili ikikutana na nondo ndani ya ukuta hukwama na kukatika. Tena nisiisukume kwa tumbo. Niwe naitoa mara kwa mara imwage vumbi. Na ikipata moto nisiimwagie maji, kidonge kitapasuka.

Maneno mengi kwa mtu anayeuza vyuma. Lakini zile kingo nne zililiingia bonge langu kama siagi! (Bonge lilitoka kwenye ukingo wa barabara ya uani kwetu, ule ambao mvua imeula. Zege ni zege.)

Kalbubu akanipa fupi. Nikakataa. Mshumaa mrefu unawaka kuliko mfupi. Penseli ndefu inaandika kuliko fupi. Sasa kwa nini niuziwe biti fupi, eti ndiyo ya kudumu? Nikachagua ndefu kuliko zote zilizokuwa mezani, kingo nne, mbili za aina hiyo. Akaniuliza ukuta wangu una unene gani. Nikamwambia nimekuja kununua biti, sikuja kuuza nyumba. Watu wakacheka. Nadhani walikuwa upande wangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Biti gani hii! Sijawahi kuona! Nilianza na tundu la katikati, lile litakalobeba uzito. Zege la ukutani ni gumu kuliko lile bonge, kweli, lakini biti ilikwenda. Ikakwaruza nondo, ikalia, ikapita. Vumbi likatoka laini kama unga. Nikasahau mkono kuuma. Zuura akapiga kelele kwamba panatosha. Panatosha vipi, wakati inakwenda? Nikaegemea kidogo.

Ghafla ukuta ukaisha.

Upande wa pili nikasikia mwanamke akicheka mpaka anakohoa. Huyo ni Sabira, mke wa Asankul. Baadaye kidogo mlango wetu ukagongwa.

Asankul ana picha kubwa ukutani, picha ya farasi wake aliyeshinda mbio huko kijijini, farasi amesimama ubavu, mkia juu. Biti yangu imetokea chini tu ya mkia. Siyo kosa langu. Farasi angesimama vizuri isingemgusa.

Nilijaribu kuivuta. Imebanwa na nondo, haitoki. Nikaifungua drili, biti ikabaki ukutani, imechomoza kwetu kidogo na kwa Asankul kidogo. Asankul akadai kichwa cha kondoo kwa ajili ya farasi. Nilimwambia ukuta ni wetu sote, na nusu ya tundu ni yangu. Akaondoka. Baada ya muda nikasikia anasema kwa sauti, makusudi nisikie, kwamba hatimaye Mederbek, yaani mimi, amemtengenezea kigingi cha kutundikia kofia.

Atundike! Mimi nimekwishaamua. Biti haitoki, basi ndiyo msumari wangu. Chuma imara kuliko skrubu yoyote, na tushkiyiz ya mama itaning'inia hapo hapo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Yamebaki matundu ya pembeni, kushoto na kulia. Zuura alifunga uzi mwekundu kwenye biti ya pili, akasema nikifika kwenye uzi nisimame, la sivyo anarudi kwao. Usiwe na wasiwasi, nikamwambia. Sikuukaribia hata huo uzi.

Kushoto kulikuwa na nondo. Nikasukuma kwa mikono. Haikwenda. Nikasukuma kwa tumbo, nikasukuma kwa tumbo na goti. Biti ikawa nyekundu. Nikaimwagia chai iliyobaki. Kalbubu alikataza maji, hakusema kitu kuhusu chai. Ilitoa sauti kama yai kikaangoni na kidonge kikapasuka. Kulia nilimalizia kwa biti za dhahabu zilizosalia, zote, moja baada ya nyingine. Nimepata vishimo viwili. Vina kina cha ukucha.

Nimevijaza vijiti vya kiberiti na gundi, nikabana skrubu. Zinashika! Ukizitazama tu bila kuzigusa, zinashika vizuri sana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Imepanda. Mimi na Zuura tuliinyoosha pamoja, pindo la juu likakaa kwenye biti katikati na kwenye skrubu mbili. Chumba kikabadilika. Nilisahau kwamba mama aliacha kona moja ya chini bila kuimaliza, kama walivyofanya wazee, ili kazi ya mikono isifike mwisho. Nilikaa chini nikaitazama. Begimai akaja akaketi karibu nami, akauliza kama bibi alikuwa akiimba alipokuwa akishona. Nikamwambia aliimba vibaya sana. Sikutaka aone uso wangu, nikajifanya nachunguza skrubu.

Ubaya ni mmoja. Kila Asankul akirudi nyumbani anatundika kofia, na biti inatikisika. Akitoka anaichukua, inatikisika tena. Leo ametoka na kurudi kuliko mtu anayeuza magazeti. Makusudi hayo! Zuura anasema tumkaribishe kesho, ni jirani, yaishe. Nimekataa katakata. Zuura akasema amekwishamkaribisha.

Basi aje. Lakini kichwa hapati.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika yote.

Walikuja. Burulcha tulimketisha mahali pa heshima, chini ya tushkiyiz, mjomba wa kijana pembeni yake. Burulcha ni mwanamke mzito, haongei, anatazama. Alitazama mazulia, mkate, Begimai. Ukuta ulikuwa nyuma yake, bado hajageuka. Asankul alikuja kichwa wazi, na nilielewa mara moja: alitaka watu wauone utosi wake na kuuliza kofia iko wapi, apate kusimulia habari za kigingi. Nilileta kichwa cha kondoo, nikapita mbele ya Asankul polepole, nikakiweka mbele ya mjomba. Mjomba akashukuru, akakata kipande cha shavu, akampa Asankul kwa hiari yake. Mimi sihusiki.

Burulcha akafungua kijisanduku cha hereni. Begimai akapiga magoti mbele yake. Mjomba akasema kabla ya kuvisha tupate dua, na mwenye kuomba awe jirani, kwa kuwa jirani ndiye anayemjua binti. Asankul akashika utosi. Mtu haombei wachumba kichwa wazi! Akakimbia kwake kuchukua kofia.

Niliijua hatari kabla haijafika. Nilifungua mdomo. Biti ikajongea ndani ya nguo kama panya, ikazama ukutani. Skrubu za kiberiti zikatoka zote mbili, moja ikaangukia kwenye mchuzi. Na tushkiyiz ya mama yangu, yote, mahameli na pembe za kondoo, ikamshukia Burulcha kichwani.

Burulcha hakuonekana. Nilifikiri basi, nimemharibia binti yangu maisha kwa kukataa drili ya mtu. Begimai alikuwa ananitazama, na macho yale sitayasahau.

Kisha mkono ukatokea chini ya nguo, ukaipapasa mishono, taratibu. Uso ukatokea. Burulcha aliuliza nani ameshona. Nikasema mama yangu, marehemu. Akaigeuza nyuma akatazama mafundo, akaigeuza mbele, akafika kwenye ile kona isiyomalizwa, akaishika hapo. Alikuwa analia. Akawatazama watu wote, akasema: "Mnashangaa nini? Bibi wa mtoto amekuja kunikaribisha mwenyewe. Nyie wengine mliniletea chai tu." Akaivuta tushkiyiz mabegani kama shali, na akiwa ameivaa hivyo hivyo akamvisha Begimai hereni, kushoto, kulia. Nililia. Mjomba alilia. Zuura alilia na kunifinya kwa pamoja.

Asankul akarudi mbio, kofia mkononi, kishada cha kofia kimenasa kwenye zile kingo nne, na biti yangu inaning'inia. "Jirani, kidude chako kimeing'ang'ania kofia yangu!" Nilimnyang'anya. Nzima! Imenyooka! Haijapoteza hata ukingo mmoja! Zege, nondo, farasi, yote hayo, na bado inakata kidole. Nikaanza kuwapitishia wageni waione, mpaka Zuura akaninong'oneza kwamba watu wameshainua mikono, wanasubiri dua.

Asankul aliomba vizuri. Sipendi kuandika hivyo, lakini aliomba vizuri sana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Burulcha amepiga simu asubuhi. Anaomba tushkiyiz iende na Begimai, itundikwe katika nyumba ya maharusi. Nikasema iende. Ni ya bibi yake. Nimeikunja mwenyewe, ile kona juu.

Ukuta umebaki mtupu, na tundu. Asankul aliniita kupitia tundu, nikaona jicho na nusu ya pua. Amesikia habari. Anasema maharusi wamepata ghorofa ya zege kama hii yetu, kwa hiyo atakwenda yeye na drili yake kuitundika, bure kabisa, hataki hata shavu. Zuura akasema haraka asante sana, shemeji.

Bure! Harusi ngapi nitaisikiliza hiyo bure? Nimeliziba tundu kwa gazeti. Tushkiyiz ya mama yangu itatundikwa na mtoto wa mama yangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kalbubu. Nilimwonyesha biti yangu, nzima kama alivyoiuza. Alifurahi, akanipa tena fupi, akaniuliza ukuta wa maharusi una unene gani, na nani anakaa upande wa pili. Nikamwambia hayo hayamhusu.

Nimechukua ndefu zaidi.