Vita vya Utepe wa Choo

Jongeeni, enyi mnaokaa chini kwa kukosa madawati, nanyi mnaokaa juu kwa kukosa haya. Tegeni masikio niwape habari ya vita vilivyopiganwa mchana kweupe katika shule ya msingi ya mji wetu, vita ambavyo wakubwa wamevisahau kwa bidii isiyo kifani.

Palikuwa na ngome. Ngome yenyewe ilikuwa choo kipya cha wasichana: vigae vyeupe kama meno ya mgombea, maji ya bomba, milango yenye komeo. Mbele yake ulinyooshwa utepe mwekundu, na ukutani kibao cha marumaru kilichochongwa, "Kimefunguliwa na Mheshimiwa", kisha nafasi tupu, maana Mheshimiwa mwenyewe alikuwa hajapatikana. Kila akialikwa, ana udhuru. Na sheria ya mji wetu ni moja: kitu cha umma hakiguswi mpaka mkubwa akikatie utepe. Msinicheke. Mimi nakumbuka kisima kilichosubiri mgeni rasmi hadi kikakauka. Mgeni akaja, akakata utepe, akapigiwa makofi, akanywa soda, akaondoka.

Basi wasichana wakawa wanavuka barabara kwenda vichakani. Mmoja wao, binti wa darasa la saba aliyelelewa na shangazi yake fundi cherehani, siku moja alirudi nyumbani kabla ya kengele, akatupa mkoba.

"Shangazi, sirudi tena. Wavulana wananifuata hadi kichakani wananizomea. Nifundishe kushona tu."

Shangazi, simba jike wa sindano, mwenye kukata kitambaa cha watu bila kupepesa jicho, akaiweka kazi chini. Mara akatokea mlangoni mlinzi wa shule, Mzee Rungu.

"Fundi, Mwalimu Mkuu anataka utepe mwingine. Ule umepauka."

"Si nilishakupa mwingine juzijuzi?"

"Huo ndio uliopauka."

Oneni maajabu, enyi walipa kodi! Serikali iliyokosa wa kufungua mlango haikukosa utepe wa kuufunga. Shangazi akaubeba utepe, akaubeba mkasi, akamshika binti mkono, wakatoka kama jeshi zima.

Kwenye ngome akawalaki Mwalimu Mkuu, Ngao ya Itifaki, tai imembana shingo kama deni.

"Karibu, mama. Funga huo mpya, ule wa zamani usiuguse kwanza. Mgeni rasmi yuko njiani."

"Njia gani hiyo, mwalimu, isiyofika?"

"Subira huvuta heri, mama."

"Heri ivute wewe. Haja haivutiki."

Wasichana waliokuwa uwanjani wakaangua kicheko. Mwalimu Mkuu akavimba, akanguruma: "Hivi unajua unachotaka kufanya? Leo ukate utepe wewe, kesho kila raia ajifungulie zahanati, ajifungulie soko, ajifungulie daraja! Nchi itakwenda wapi?"

"Chooni, mwalimu. Kwanza iende chooni."

Na mkasi ukameta juani, ule mkasi uliopasua shuka na suruali na sare za vizazi viwili, ukafumba kinywa mara moja tu. Utepe ukaanguka bila hata kupiga kelele, kama viangukavyo vitu vyote tunavyoviogopa.

"Mlinzi!" akapaza sauti Mwalimu Mkuu. "Fanya kazi yako!"

Mzee Rungu akainua rungu, akawatazama wale wasichana, ambao mmoja wao ni mjukuu wake, akajikuna nalo mgongo. "Mimi niliambiwa nilinde utepe, mwalimu. Sasa utepe uko wapi?" Akatoa ufunguo wa choo mfukoni, akamkabidhi binti.

Binti akaingia. Kisha ikasikika ngurumo iliyoshinda mizinga ya wafalme wote: maji yakashuka.

Akatoka mikono imelowa, kichwa juu. Akaomba chaki, na pale kwenye nafasi tupu, mbele ya neno Mheshimiwa, akaandika: Shangazi. Kisha akaenda kuuokota mkoba wake nyumbani, akarudi darasani.

Mwalimu Mkuu aliifuta chaki ile jioni kwa leso yake mwenyewe. Asubuhi jina lilikuwa pale pale, kwa mwandiko mwingine. Akafuta tena. Bado anafuta. Nami nawaambia, hakuna katika mji huu mgeni rasmi aliyewafungulia watu wengi mlango kama Shangazi, wala mkubwa ambaye jina lake huandikwa upya kila siku bila kulipwa mtu.