Malalamiko ya Karani wa Mizani Juu ya Semina ya Bajeti

Kingori Mutahi,
Karani wa Mizani, Kiwanda cha Kahawa,
Karibu na soko la Gakindu, Mukurweini.
Jumapili.

Kwa Mzee Gatimu,
Mwenyekiti, Kamati ya Familia,
Kanisani kwetu.

Mzee wetu mpendwa,

KUH: OMBI LA KUFUTWA KWA SEMINA ILIYOKWISHA KUFANYIKA

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa na afya njema, na hiyo afya yenyewe ni sehemu ya malalamiko yangu kama utakavyoona hapa chini.

Utakumbuka kwamba mwezi wa Januari kamati yako ilimwalika Bi. Kanini, yule mama wa benki kutoka Nyeri mjini, atufundishe kupanga bajeti ya nyumba na kupunguza matumizi. Nilikaa kiti cha mbele na kuandika kila kitu. Aliposema kila familia ichague mtu mmoja wa kushika mfuko, mimi ndiye niliyepiga makofi ya kwanza, kwa sababu nilijua nani angechaguliwa kwangu. Nimepima kahawa ya watu kwa miaka kumi na tisa bila kukosea kilo. Yaliyofuata ni haya.

1. Kura. Jioni hiyo tulipiga kura sebuleni tukiwa wanne: mimi, mke wangu Wakonyo anayeuza mitumba sokoni, binti yetu Wakiuru ambaye alikuwa bado hajarudi shule ya bweni, na mama yangu mzazi. Wakonyo alipata kura tatu. Mimi nilipata moja, na mwandiko ulikuwa wangu. Nilimwuliza Mama kwa upole kama labda hakuielewa karatasi.

"Nimeelewa, Kingori," akanijibu. "Mimi niliona pesa ya kahawa ya mwaka jana ikiingia hapa Ijumaa, na Ijumaa ingine ikakuwa imeisha. Sikuona ng'ombe, sikuona bati, sikuona hata blanketi."

Mama alisahau kwamba nilinunua redio.

2. Chai. Tuna ng'ombe mmoja anayekamuliwa. Siku hizi maziwa yote huenda kuuzwa kwa dairi, isipokuwa kikombe kimoja kinachotiwa kwenye sufuria ya watu wote. Ukiimimina chai kikombeni, unaona maua yaliyochorwa chini. Nimeishi na vikombe hivyo tangu harusi yetu na sikuwahi kujua vina maua. Mkate nao ukaondolewa, tukaletewa viazi vitamu vya shamba letu wenyewe, asubuhi kwa asubuhi. Nilipolalamika, Wakonyo aliniuliza hivi: "Hii viazi tulikuwa tunauza, halafu tunaenda kununua mkate. Wewe ni karani. Niambie hiyo hesabu inaitwa nini." Nilitafuta jina la hesabu hiyo nikalikosa, na mpaka leo sijalipata.

3. Miguu. Pesa za bodaboda zilikatwa wiki ya pili. Sasa natembea dakika arobaini kwenda kiwandani, na yote ni mlima. Suruali zimeanza kuniteremka. Niliomba pesa za fundi azipunguze, na Wakonyo akachukua msumari, akaupasha moto, akatoboa tundu jipya kwenye mshipi wangu. Nikaona heri niende zahanati, nikapate maandishi ya kunikataza kutembea. Nesi Mbula alinipima presha, akanipima tena, kisha akamwita mwenzake aje aone. Akaniambia niendelee na chochote ninachofanya. Nilimsihi aandike tu kwamba nahitaji kupumzika. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Nilirudi nyumbani kwa miguu ile ile.

4. Majani ya ng'ombe. Miaka ya nyuma, Wakiuru alikuwa akifukuzwa shule kwa sababu ya karo angalau mara mbili kila muhula, na akiwa nyumbani alinisaidia kukata majani ya ng'ombe. Muhula huu hakurudishwa hata siku moja. Karo ilimalizwa kabla ya likizo fupi. Kwa hivyo majani nayakata mimi, nikitoka kazini, kwa miguu.

Shule zilipofungwa alikuja na ripoti. Alikuwa wa nne katika darasa la watoto hamsini na mbili. Aliniletea mimi kwanza, kabla ya mama yake, akasimama mlangoni akinitazama huku nikisoma. Akasema, "Asante, Baba, hawakuniita ofisini hata mara moja." Mzee, nilipaswa kumwambia ashukuru mahali pengine. Nilikunja ile karatasi nikasema vizuri, vizuri, nikaenda kwa ng'ombe. Nalitaja hili ili kamati ijue kwamba semina yenu imeingilia mpaka mazungumzo ya mzazi na mtoto wake.

5. Mikutano ya Jumamosi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikutana na rafiki yangu Moffat, mlinzi wa kiwanda, kwenye bucha la Gakindu, kujadili maendeleo. Wakonyo alisema mkutano wowote unaotumia pesa ya nyumba lazima uwe na kumbukumbu. Basi tukaziandika. Waliohudhuria: wawili. Ajenda ya kwanza: mbavu. Ajenda ya pili: mengineyo. Wakonyo alivaa miwani baada ya sala ya jioni, akasoma mpaka mwisho bila kuruka mstari, akaniuliza polepole, "Hii mkutano iliamua nini, Baba Wakiuru?"

Nilisema uamuzi uliahirishwa.

"Basi na pesa pia imeahirishwa," akasema, na akaikunja kumbukumbu yetu akaiweka kwenye Biblia, mahali ambapo siwezi kuichana.

6. Kenol. Hapa, Mzee, naomba uketi vizuri. Jumamosi iliyopita mimi na Moffat tuliaga nyumbani kwamba tunaenda mji wa Kenol kuulizia bei ya mbolea. Nauli peke yake ingetununulia nyama Gakindu mara mbili, lakini Gakindu wenye bucha wote ni wateja wa Wakonyo. Tukaingia hoteli moja, tukaagiza nusu kilo ya kuchoma. Pale kwenye kona alikuwa ameketi mzee mmoja aliyetazama ukuta, kofia ya kahawia imeshuka mpaka kwenye nyusi, kilo nzima mbele yake na hakuna mtu wa kumsaidia.

Kisha ukageuka kuomba chumvi.

Tuliangaliana. Wewe hukunisalimu na mimi sikukusalimu. Uliosha mikono, ukalipa, ukaondoka, ukaacha mbavu mbili kwenye sahani. Moffat alizimaliza ili kuharibu ushahidi.

Sisemi neno. Naamini wewe pia ulikwenda kuulizia mbolea. Nauliza tu kwa unyenyekevu: ikiwa mwenyekiti wa kamati iliyoleta semina analazimika kuitafuta mbolea mpaka Kenol, mshiriki wa kawaida kama mimi aitafute wapi?

Kwa hayo yote, naomba kamati itangaze Jumapili ijayo, baada ya matangazo ya ndoa, kwamba semina ile ilikuwa na makosa na wote waliohudhuria wairudishe. Hilo likishindikana, basi Jumamosi ihesabiwe kuwa siku iliyo nje ya bajeti, kwa wanaume waliofikisha miaka hamsini. Na kamati ikikataa yote mawili, sitasema lolote kuhusu Kenol. Nitasikitika tu, lakini mimi nikisikitika huwa nasikika mbali.

Nisalimie Mama Phyllis, mkeo, ambaye sina haja ya kumweleza chochote kwa sasa. Salamu pia kwa kwaya, kwa wale akina mama wa chai ya Jumapili, kwa katibu wa kamati, na kwa Bi. Kanini akipiga simu. Mwambie naendelea.

Wako katika kubana matumizi bila kupenda,

Kingori Mutahi

N.B. Barua hii niliiandika Jumapili, saa moja baada ya Wakonyo kuondoka kwenda Timau kumwona dada yake aliyejifungua. Aliniachia bahasha yenye pesa za matumizi ya siku tano, na orodha. Nilifurahi, nikaona sasa kamati itapata mfano wa nyumba inayoongozwa na mwanamume. Leo ni Jumanne. Katika bahasha imebaki orodha. Nimejaribu kukumbuka pesa zilivyokwenda na siwezi, ila najua tulikula vizuri sana mpaka jana saa saba. Tangu asubuhi Mama anasogeza tu sufuria tupu kutoka jiko moja kwenda lingine.

Kwa hivyo tafadhali usiisome barua hii mbele ya kamati. Ichome. Na kama kwako kuna pakiti mbili za unga na maharagwe kidogo, nitavirudisha Alhamisi kabla Wakonyo hajafika. Sikumtuma mtu. Barua nimeileta mwenyewe, na niko hapa nje kwa lango lako.