Shahidi wa Shimo la Saba

Byron Kimeu aligundua kwamba gofu ni mchezo usio na refa wakati akinywa chai ya bure, na nusura chai impalie.

Alikuwa ameketi barazani mwa klabu moja upande wa Ruiru, mahali ambapo hakuna aliyemwalika, amevaa shati lililopigwa pasi na kamba ya kitambulisho shingoni. Kwenye hiyo kamba ilining'inia kadi ya maktaba ya chuo ambacho Byron alikijua kwa kupita nje. Lakini Kenya hii mtu mwenye kamba shingoni haulizwi ametoka wapi. Huulizwa kama ameshapewa chai.

Aliyekuwa akizungumza ni Madam Leila, mfamasia wa Thika na mwenyekiti wa kamati, akisoma kanuni za mashindano ya timu yaliyokuwa yachezwe Jumamosi. Ruiru dhidi ya Thika, wachezaji wa ridhaa, watu wanne kila timu, na kila mtu ajihesabie mapigo yake mwenyewe.

"Tumbili akibeba mpira, weka mwingine palepale, hakuna adhabu," alisoma. "Mpira ukiingia kwa shamba la kahawa umepotea. Na tafadhali, mambo ya kutuma kedi, huyo anayekubebea fimbo, akautafute akiwa na mwingine kwa mfuko tuliacha mwaka jana."

Wazee walicheka kicheko cha watu waliowahi kufanya hivyo.

"Kabla ya kupiga, kila mtu ataje mpira wake, namba na alama, wenzake wasikie."

Hiyo Byron hakuisikia. Alikuwa bado anawashangaa. Hawa ni watu wanaofunga friji kwa kufuli ili mfanyakazi asionje soseji. Hawa ni watu wanaoweka kamera hadi kwenye banda la kuku. Na watu hao hao, wakishavaa kofia nyeupe na suruali za rangi ya embe, wanaachiana wajihesabie! Byron aliwadharau hata akawaonea huruma kidogo, kama fundi aonavyo ukuta uliojengwa bila msingi.

"La mwisho," Madam Leila akasema. "Kuna dealer ametupatia gari. Atakayeingiza mpira kwa pigo moja kwa shimo la saba anaenda nalo nyumbani. Lakini dealer anataka shahidi, mtu asiyecheza, akae pale kwa kibendera siku yote. Nani atajitolea?"

Kila mtu akatazama shati na viatu vyake. Kukaa kwenye kiti cha plastiki juani tangu asubuhi si kazi ya mwanachama.

"Mimi," Byron akasema, akasimama.

"Na wewe ni nani?"

"Byron, madam. Mambo ya local rules. Nimetumwa ku-observe."

Hakuna aliyeuliza ametumwa na nani. Aliandikwa papo hapo, akaongezewa chai.

Sasa, msomaji asidhani Byron alitaka gari kwa tamaa tu. Alilihitaji. Kwa miaka miwili alikuwa amemwambia Mzee Gathogo wa Ngoliba, baba yake Nyawira, kwamba ana gari. Mara gari liko gereji, mara limeazimwa na pasta, mara limeenda Mombasa na shemeji. Mzee alikuwa amechoka kulisikia. Jumapili hiyo Byron alitakiwa aende kuzungumza habari za posa, na neno lililotumwa kutoka Ngoliba lilikuwa fupi: aje nalo, au asirudi tena. Uongo wa Byron ulikuwa mwingi, lakini Nyawira alimpenda kweli, na hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwa cha kughushi.

"Byro, nakuuliza mara ya mwisho," Nyawira alimwambia kwa simu jioni hiyo. "Hiyo gari iko ama haiko?"

"Iko, mpenzi. Jumapili utaniona nayo."

"Ni ya rangi gani?"

"Nyeupe," Byron akajibu, na kwa mara ya kwanza alikuwa na ushahidi. Alikuwa ameliona limeegeshwa kwenye nyasi, limefungwa utepe.

Gari lilikuwepo na shahidi alikuwepo. Kilichokosekana ni mpigaji, na Byron alimpata baa, ameketi chini ya ubao wa heshima akitafuna mbavu kwa hasira.

Huyo alikuwa Muriithi, nahodha wa Ruiru, mwenye maploti ya kukodisha kando ya bypass. Wapangaji wake walimjua kwa kuwakatia maji tarehe sita. Klabuni alijulikana kwa jambo moja, kwamba hakuwahi kushinda chochote. Na juu ya kichwa chake, kwa herufi za dhahabu, ubao ulisema kwamba Njau wa Thika aliwahi kuutia mpira shimoni kwa pigo moja. Njau alichimba mawe ya kujengea. Maploti yote ya Muriithi yalijengwa kwa mawe ya Njau, na mpaka leo walikuwa hawaelewani kuhusu lori moja.

"Boss," Byron akamnong'oneza, "ukitaka jina lako likae hapo juu, linaweza kukaa."

"Unanichezea?"

"Pale kwa shimo la saba, mtu akipiga, anaona nini?"

"Anaona bwawa, kilima, na ncha ya bendera. Shimo lenyewe halionekani."

"Na nani atakuwa ng'ambo ya kilima?"

Muriithi aliacha kutafuna. Uso wake ulifunguka taratibu. "Na wewe unataka nini?"

"Jina ni lako. Gari ni langu."

"Gari nitafanyia nini? Ninazo tatu, na hata insurance sijalipa. Wewe chukua." Alinyoosha mkono wenye mafuta. "Lakini utajuaje mpira wangu?"

"Si una alama?"

Muriithi akatoa mpira mpya, mweupe kama jino la mtoto. Ulikuwa na vitone vitatu vyekundu. "Ni rangi ya kucha ya bibi yangu. Naitia mipira yangu yote mipya, na hakuna mwingine mwenye alama hii dunia nzima."

Hapo ndipo ilipaswa Byron aijue gofu kidogo. Angeijua, angejua jambo ambalo kila mwokota mipira analijua kuhusu matajiri hawa: mbele ya bwawa, hakuna hata mmoja anayepiga mpira mpya. Mtu anayekula mbuzi mzima na wageni wake, akifika ukingoni mwa maji, anaingiwa na ubahili wa ghafla. Mpira mpya unarudi mfukoni, anatoa wa zamani, uliochubuka, ambao hata ukizama hatalala njaa. Hiyo mizee hununuliwa getini kwa mama mmoja anayeipanga kwenye trei za mayai. Anaipata kwa vijana wanaopiga mbizi katika bwawa lilelile.

Jumamosi ilifika na jua lake. Byron alikaa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya kibendera, akihesabu mawingu na kujifunza kupiga miayo kwa heshima. Kundi baada ya kundi lilipita. Mipira mingi ilikufa maji, michache ikavuka na kukaa mbali na shimo, na Byron akaandika yote kwa uaminifu mkubwa, kwa kuwa hakuwa na faida ya kudanganya.

Adhuhuri wakafika Muriithi na Njau, wamepangwa pamoja na wachezaji wengine wawili, na Madam Leila mwenyewe akiwa msimamizi wao.

Kule walikopigia, Muriithi alisimama mbele ya maji. Mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe, kwa mazoea ya miaka, ukauacha humo mpira mpya na kuutoa wa zamani.

"Namba nne, mzee, hauna alama," akataja bila hata kujisikia, kwani akilini alikuwa ameshafika kwenye hotuba ya shukrani. Akapiga. Mpira ukavuka bwawa ukapotelea nyuma ya kilima.

Akaja Njau, mtu mwembamba mwenye kikohozi cha vumbi la mawe. Naye akatoa mzee wake wa trei ya mayai.

"Namba mbili," akasema. "Vitone vitatu vyekundu."

Madam Leila akasikia. Wale wawili wengine wakasikia. Muriithi hakusikia, alikuwa anafanya mazoezi ya tabasamu la unyenyekevu.

Ng'ambo, mpira wa kwanza ulitua karibu na kiti cha Byron. Akauinua, akaugeuza huku na huku. Hauna vitone. "Takataka," akasema, akautupa kwenye kahawa. Wa pili ukaja ukidundadunda, ukasimama mbele yake. Vitone vitatu, vyekundu! Byron alitazama kushoto na kulia, akaupeleka shimoni kwa ncha ya kiatu, kisha akaruka juu akipiga nduru iliyowatoa ndege kwenye miti.

"Umeingiaaa! Umeingia, Mungu wangu!"

Muriithi alikimbia kuzunguka bwawa na kitambi chake mkononi. Alipiga magoti, akatia mkono shimoni, akautoa mpira, akaubusu.

"Ngai fafa! Ni mimi! Ni wangu! Andikeni!"

"Bwana Muriithi," Madam Leila akasema alipofika na wenzake, "wewe ulitaja namba nne, bila alama."

"Vitone ni vyangu! Ni rangi ya kucha ya mama Shiko, mpigieni simu!"

"Huu nimeununua kwa gate, Jumanne," Njau akasema taratibu. "Kama ulikuwa wako, basi uliuacha kwa maji ukaenda. Nani alikwambia umtunzie samaki?"

"Kanuni ni kwamba mpira ni wa aliyeutaja na kuupiga," Madam Leila akasema. "Shahidi! Uliona mpira gani ukiingia?"

Kila jicho likamgeukia Byron. Muriithi alimkazia macho mekundu kama ya fahali. Byron alipiga hesabu haraka. Akisema hakuna kilichoingia, gari linarudi kwa dealer. Akisema ni wa Muriithi, mashahidi watatu wamesikia vingine. Akaitazama Ngoliba akilini, akaona Nyawira amesimama na kanga yake mpya.

"Madam," akasema, "siwezi kusema uongo. Ulioingia ni huo wa vitone."

Muriithi aliketi chini kwenye nyasi. Angesema zaidi, angejipeleka jela.

Karatasi ya dealer ilihitaji sahihi ya shahidi, na Byron akaona bado ana mkia wa kumshikia ng'ombe. Akamvuta Njau kando.

"Mzee, bila mkono wangu hapa, hakuna gari. Mimi nataka kitu kidogo tu. Niazime kesho. Asubuhi mpaka jioni. Naenda kwa wakwe."

Njau alimtazama kwa upole wa baba. "Kesho tu? Aai, kijana wangu. Mimi nilioa na baiskeli ya kuazima. Weka sign. Jioni tukimaliza kula, nakupatia key mbele ya watu wote."

Na Byron, aliyewahi kuuza ploti moja ya Ngoliba kwa watu watatu, Byron aliyewaambia wenzake maisha yake yote "sign mwisho, shika kwanza", akaweka sahihi. Mganga hajigangi.

Ni desturi ya gofu kwamba mwenye pigo la namna hiyo huwanywesha wote waliopo. Klabu nzima ilikuwa imeshajaa barazani na kiu yake, watu wameita hadi majirani. Njau akapokea funguo, akapigiwa makofi, akapungia mkono.

"Wacha nilizungushe kidogo nisikie engine," akasema. "Agizeni, naja."

Gari jeupe lilitoka getini likiwa bado na utepe. Walimngoja mpaka mbuzi akapoa. Wakampigia, mteja hapatikani. Hakuna aliyeagiza, kwani hakuna tajiri anayeagiza kabla hajaona anayelipa, na wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakinung'unika kuhusu watu wa Thika.

Byron alibaki amesimama pale palipokuwa na gari. Nyasi zilikuwa zimelala alama za magurudumu manne. Alihisi kulia, na sababu haikuwa gari.

Madam Leila akamfuata, amejawa na hisia. "Bwana Byron, leo watu hapa wamenitia aibu. Lakini wewe! Nahodha amekukodolea macho namna ile na bado ukasema kweli. Kamati imesema usiende mikono mitupu." Akamkabidhi mwavuli mkubwa wa gofu, zawadi ya yule dealer, uliochorwa gari jeupe pande zote. Watu watatu waliosalia wakapiga makofi.

Jumapili Byron alishuka kwenye lami, akaingia njia ya vumbi ya Ngoliba kwa miguu. Mvua haikuwa imenyesha huko tangu watu waache kuitaja. Jua lilipozidi akaufungua mwavuli, akatembea chini ya magari yake manane mpaka boma la Mzee Gathogo.

Geti kubwa lilikuwa wazi pande zote mbili, na kamlango kake ka waendao kwa miguu kamefungwa. Sehemu ya ua ilikuwa imekatwa ili gari lipite bila kukwaruzwa, na mawe yamepakwa chokaa kuonyesha pa kuegesha. Wazee watano walisimama. Walitazama barabara nyuma yake kwa muda mrefu, mpaka vumbi lake likatulia.

"Iko wapi?" Mzee Gathogo akauliza.

"Mzee," Byron akaanza, "kuna mtu mmoja wa Thika, mwongo sana…"

Mzee aliuchukua mwavuli kutoka mkononi mwake. Akauzungusha pole pole, akilitazama gari moja baada ya jingine mpaka akarudi kwenye la kwanza. Kisha akaufunga, akautia kwapani.

"Nyeupe," akamwambia Nyawira aliyekuwa mlangoni. "Kwa rangi hakudanganya. Funga geti, mami. Huyu angetosha kwa kamlango."