Chifu Aletewa Mwenzake

Jumatatu, 2 Juni
Chifu amekataa maini tena. Paka gani huyu! Anashinda dirishani akitazama barabara ya Makutano kama anayengoja mtu. Kathambi, binti wa dada yangu, ndiye aliyeniachia alipoenda chuo Embu. Leo amepiga simu. "Ankol, Jumamosi nakuja, nikimkuta amekonda naondoka naye." Nikamwambia paka amenona kama mbunge. Simu ilipokatika, nyumba ikawa kimya sana.

Jumanne, 3 Juni
Nimefikiria. Paka mmoja ni upweke. Wawili ni vita. Lakini mimi niliwahi kupatanisha fahali wawili wa Kibugu kwa kuwakoholea tu. Paka ni nini?

Jumatano, 4 Juni
Nimeletewa Majani, paka jike kutoka shamba la chai la shemeji. Nikampokea kama mkwe: mto wa Chifu, sahani ya Chifu, maziwa kwanza kwa mgeni. Heshima! Chifu akaruka kama umeme. Pazia limechanika. Pua yangu pia.

Mama Zuleka wa mlango wa pili akaja mbio, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee Ndwiga, wewe ukiletewa mtu ale chako na alale kwako, utamchekea?" Akasema mgeni afungiwe chumba chake, mwenye nyumba ale kwanza, wanusane chini ya mlango. Nikamjibu hiyo ndiyo ilikuwa hatua yangu ya pili.

Ijumaa, 6 Juni
Chifu amelala mlangoni kwa Majani. Jioni nikafungua. Wakanusana, wakalambana. Chifu akamaliza maini yote! Nimewaeleza watu wa ghorofa nzima mbinu yangu. Mama Zuleka alikuwepo. Alikohoa tu.

Jumamosi, 7 Juni
Kathambi amekuja. Amembeba Chifu, amempapasa mbavu. "Aki ankol, umemfanya nini, amechangamka hivi!" Akasema wabaki wote wawili, kuwatenganisha ni dhambi. Ameondoka mikono mitupu. Nimeshinda!

Jumapili, 8 Juni
Wamelala mmoja juu ya mwingine. Nimemwita Chifu. Amefungua jicho moja, akalifunga. Majani hata hilo moja hakulifungua. Zamani Chifu alikuwa angalau ananikanyaga tumbo asubuhi. Nimekaa kando yao mpaka chai ikapoa, nikiwaza. Kosa nimeliona: wao ni wawili, mimi ni mmoja. Nimempigia shemeji. Kesho anatuma wa tatu, wa upande wangu.