Benzi Yenye Miguu ya Hilux

Jumatatu, 4 Novemba.
Hakuna atakayesoma, basi niandike wazi: kutoka Baraka hadi Kazimia hakuna gari zuri kama langu. Benzi 190 ya mwaka 1989. Yaani, juu ni Benzi. Miguu ya Hilux, injini ya Hilux, na paani fremu ya mizigo iliyochongwa na fundi wa mitumbwi. Fundi Bonaventure aliiunda miaka mitatu akiimba zaburi. Inapanda mlima wa Lubondja na magunia sita ya maharage bila kukohoa! Watoto huipigia makofi. Mimi pia, nikiwa peke yangu.

Jumamosi anakuja Mzee Hakizimana, mfugaji wa kule Lubondja, baba wa Uwimbabazi wangu. Mahari ni ng'ombe wanane. Ng'ombe sina, nimemtolea Benzi. Amejibu kwamba lazima aione kwanza. Asipoikubali, kuna mwalimu wa Kazimia ambaye ukoo wake umeshaleta salamu za posa.

Jumanne, 5 Novemba.
Fabien, jirani. Ana Benzi kama yangu, ila ya asili, haijaguswa hata msumari. Haijatoka uani pia, imefunikwa shuka. Kanieleza kwamba wenye akili hulipia ile isiyochezewa tu. Yake ni ng'ombe kumi. Yangu? Akacheka. "Ya kwako iko vipande-vipande tu, ndugu yangu."

Jumatano, 6 Novemba.
Mpango! Nitairudisha asili. Bonaventure alitunza miguu yote ya zamani stoo, naye yuko Kazimia anatengeneza injini ya boti. Bahati iliyoje! Willy, fundi wa pikipiki, amekubali kubadilisha. Injini imemshinda, basi nimefunga boneti kwa waya. Mfugaji atafungua boneti ya nini?

Ijumaa, 8 Novemba.
Imekwisha. Fabien amekuja, ametazama, amerudi kwake bila kucheka. Ushindi! Ila imekaa chini mno, kama jogoo aliyenyonyolewa. Nimeona huzuni kidogo. Nimeifukuza.

Jumamosi, 9 Novemba.
Aibu.

Mzee aliizunguka mara mbili, fimbo kwapani. Akainama kwenye magurudumu kama anayekagua kwato. Akapitisha kiganja ubavuni. Akauliza mama wa gari ni nani, na baba yake. Nikajibu kwa fahari kwamba ni damu moja, haijachanganywa kabisa. Mzee akanywea. Kumbe siku moja kule Lubondja aliwatoa ng'ombe wake njiani ili Benzi yangu ipite na maharage, akasimama akiitazama hadi ikapotea. Amelala akiiota tangu siku hiyo! "Ile iko wapi? Ngombe ya damu moja iko ya kuangalia tu. Kule kwetu baridi inaiua."

Nikamwomba apande ajionee. Kilima cha kwanza, matope, tumekwama. Mzee mwenyewe akasukuma, na koti lake la kanisani. Kisha akaita pikipiki na kusema atafikiri. Kwao neno hilo linatosha kuvunja uchumba.

Jumatatu, 11 Novemba.
Bonaventure amerudi. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Aliishika ile miguu ya Hilux niliyoitupa nyuma ya choo, akaifuta udongo kwa shati lake. "Kazi yangu ilikuwa inakupatia haya, Ganza?" Nikamletea spana. Akavua viatu, akaingia chini ya gari.

Jumamosi, 16 Novemba.
Tumepanda Lubondja! Mimi, Bonaventure, magunia sita, kina mama wanne na mbuzi. Mzee alisikia muungurumo kutoka mbali, tulimkuta tayari barabarani. Safari hii nilikiri yote: mama Benzi, baba Hilux, na paa ni mjukuu wa mtumbwi. Mzee alilala chali chini ya gari na kuuliza kila kipande kilivyounganishwa. Alipotoka alitoa hukumu: bati ni ng'ombe mmoja. Akamwonyesha Bonaventure. "Mikono ya huyu muntu iko ngombe saba."

Wanane! Akaisifu Benzi kwa sauti kama wanavyosifu ng'ombe, akaipa jina: Mpanda-Mlima Asiyengoja Fimbo. Maziwa akampa Bonaventure kwanza, mimi baadaye. Ni haki yake. Sijaona mkono kama ule katika maisha yangu. Uwimbabazi alisimama mlangoni akicheka. Nililia. Basi, nililia.

Jumapili, 17 Novemba.
Harusi ni tarehe 30. Benzi itamshusha bibi harusi kutoka Lubondja hadi kanisani, kisha itabaki kwa mzee. Nimeapa mbele ya Bonaventure, mkono juu ya boneti: siigusi tena.

Fabien amepita kunipongeza. Kasema tu kwamba kwenye picha, miguu ile mikubwa itamfunika bibi harusi. Ana jicho, yule. Na magurudumu madogo ninayo bado, chini ya kitanda. Ni kwa ajili ya picha tu. Mvua imeanza kupiga bati, lakini tarehe 30 njia itakuwa imekauka. Willy anasema kazi yenyewe ni ya asubuhi moja.