Kuunganisha Kompyuta Mbele ya Wakwe

Leo nimeadhirika. Tena si mbele ya majirani, hao nimewazoea. Mbele ya wakwe!

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa mke wangu Naomi, maana yeye akisimulia ananiigiza na mikono.

Wengi mnajua kazi yangu, naendesha magari ya watalii. Msimu huu wa mvua wageni hakuna. Gari limepaki, dereva naye kapaki. Mwenye kazi ndani ya nyumba ni Naomi. Anatengeneza video za harusi na kipaimara, na zote anazitengenezea kwenye simu. Kwenye simu, jamani! Harusi nzima anaikatakata kwa kidole gumba, ikifika jioni macho mekundu kama katoka kumenya vitunguu. Mwezi uliopita bibi harusi mmoja kampigia analia: kwenye video yake mjomba katokea mara mbili, mchungaji aliyewafungisha ndoa hajatokea kabisa. Naomi akamwahidi kuirekebisha, lakini simu nayo ikawa imejaa, inagoma. Akaiweka mezani, akainamisha kichwa.

Mimi nikapiga kifua. "Nitakuundia kompyuta."

Mkumbuke sikusema nitanunua. Nilisema nitaunda. Ya dukani bei imetushinda, ila vipande vilivyotumika vinapatikana mjini, na mimi nilikuwa nimeshaangalia video za kutosha za vijana wanaunganisha. Mtu anayebadilisha springi ya gari katikati ya pori, kompyuta itamshinda nini? (Ndivyo nilivyokuwa najiambia. Nisameheni.)

Kwa wiki kadhaa nikawa nachagua vipande. Prosesa, ule ubongo wake, nikapata iliyotumika lakini bado ina nguvu. Madabodi, ule ubao ambao kila kitu kinachomekwa juu yake, nikahakikisha tundu lake linalingana na prosesa yangu, maana zisipolingana umenunua mapambo. Hapo nilichunguza kweli, naomba mnihesabie. Ram, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, Naomi alitaka kubwa, nikachukua kubwa.

Shetani alinisubiri kwenye kasha, lile boksi la kufungia vipande vyote.

Kulikuwa na kasha jeusi la kawaida, limetulia kama kabati la ofisi ya kijiji. Na kulikuwa na jingine lenye ubavu wa kioo na feni tatu za taa. Feni zikizunguka, taa zinabadilika: nyekundu, kijani, bluu, zambarau. Nikasimama pale nimekodoa macho kama mgeni aliyeona tembo kwa mara ya kwanza.

"Video zinahitaji ram," Naomi akaniambia palepale dukani. "Taa zinahitaji nini?"

"Zinahitaji kuonekana."

Nikachukua la taa.

Kipande kilichobaki kikawa pawasaplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa wengine wote. Na bajeti ilikuwa imeshaliwa na taa.

Leo asubuhi nikaenda Kaloleni kwa rafiki yangu Frank, anauza vifaa vya kompyuta vilivyotumika. Akanitolea mbili. Moja nzito, ukiibeba unajua umebeba kitu. Nyingine nyepesi, kuukuu, nyuma ina kiswichi chekundu.

"Chukua nzito," Frank akasema.

"Nyepesi inafanya kazi?"

"Inafanya. Nimeipima. Ila usiichezee."

Nikadhani anamsema mwanangu Doreen, ana miaka minne na vidole vyake haviachi kitu. Nikamhakikishia nitaiweka juu. Frank akanitazama kidogo, akaifunga ile nyepesi kwenye mfuko.

Sasa, kosa la kwanza lilikuwa kubana kwenye pawasaplai. Kosa la pili lilikuwa mdomo. Nilikuwa nimemwambia Naomi awaite wazazi wake leo waje kushuhudia. Nani alinituma? Hakuna. Basi nafika nyumbani Sekei nawakuta wameshateremka kutoka Momela, kule mlimani, mkungu wa ndizi mlangoni, na ndoo ya loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, imefunikwa vizuri na sahani.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama."

"Marahaba, Baba Doreen. Tumekuja kuona maajabu."

Baba mkwe ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, magoti yake yanamsumbua, anatembea na fimbo. Mama mkwe ni mama mkwe. Mnajua adabu zetu. Tangu nioe, nikimpa chai naiweka mezani, narudi nyuma, naangalia sakafu. Nikimkuta kwenye korido, mimi ndiye narudi nilikotoka.

Nikapanga vipande vyangu juu ya meza ya chakula, nikaanza. Na kwa kuwa wasikilizaji walikuwepo, sauti ya kazini ikanitoka yenyewe. "Karibuni sana. Upande wenu wa kushoto mnaona madabodi. Mbele kidogo, msiiguse, ni prosesa." Baba mkwe anatikisa kichwa. Mama mkwe kakaa kwenye kigoda karibu na mlango apate hewa, Doreen mapajani, kilemba kipya cha kitenge kichwani. Naomi kasimama pembeni, anatabasamu. Jamani, nilikuwa mtu! Kwa saa nzima nilikuwa mkwe ambaye kila mzazi angemtamani.

Kila kitu kikaingia mahali pake. Nikageuza kasha wauone mgongo wake.

Baba mkwe akasogeza miwani. "Hii nyekundu ni ya nini?"

Kile kiswichi. Kimeandikwa 230.

Sikuwa najua. Lakini mtembeza wageni hasemi "sijui". Mgeni akiuliza jina la ndege, unataja jina, la kweli au la kutunga, safari iendelee. Nikachukua ncha ya bisibisi, nikakisukuma upande wa pili. Ikatokea 115.

"Hii, Baba, ni ya kubana matumizi. Ukiweka namba ndogo inakula nusu ya umeme."

"Kumbe!" Baba mkwe akasema. "Waliotengeneza hii wana akili."

"Na friji ya kwetu mbona haina?" Mama mkwe akauliza.

"Nitakuja kuiangalia, Mama." (Mungu alisikia, akaamua kuiokoa friji ya watu.)

Baba mkwe akasema chombo kinachokwenda kumletea binti yake riziki hakiwashwi bila maombi. Tukainamisha vichwa. Akaomba kwa ufupi na kwa moyo, akaitaja kazi ya Naomi, akanitaja na mimi kwa jina, akamshukuru Mungu kwa mkwe mwenye ujuzi. Amina.

Nikachomeka waya ukutani. Nikawasha.

PAA!

Siyo "pa". PAA! Mwanga wa bluu nyuma ya kasha, moshi, harufu kama tairi na dagaa vimeungua kwenye sufuria moja. Umeme wa nyumba nzima ukakata, na redio ikanyamaza katikati ya neno.

Yaliyofuata ndani ya chumba nayaeleza kama nilivyosimuliwa, kwa sababu mimi sikuwepo.

Nasimuliwa kwamba Mama mkwe alimfunika Doreen kwa mwili wake. Naomi akawarukia wote wawili, akawakumbatia. Baba mkwe, na magoti yale, akajitupa mbele yao akainyooshea kompyuta fimbo, kama Musa. Kila mtu alikuwa anamlinda mtu.

Mimi nilikuwa nalinda bisibisi. Nje. Kwenye migomba ya jirani. Nimechuchumaa, ndala moja mguuni.

Na mlango wa nyumba yetu ni mmoja. Na mlangoni, kama nilivyowaambia, alikuwa kakaa nani?

Nilimruka. Ningesema nilimpita ningekuwa nadanganya. Nilimruka, na mjukuu wake mapajani!

Naanza kurudiwa na akili, nasikia sauti ya jirani yetu Mama Glory anaanika nguo upande wa pili.

"Baba Doreen? Kuna nini huko?"

"Nakagua migomba."

"Si ni ya kwangu?"

Nikasimama, nikajipangusa. Ndipo nikaona kuna kitu kimejizungusha kwenye kifundo cha mguu wangu. Kitenge. Kipya. Jamani, nilikuwa nimeondoka na kilemba cha mama mkwe!

Nimewahi kutembea usiku porini kwenda kuvuta gari lililozama tope. Safari ile ilikuwa fupi. Kutoka kwenye migomba ya Mama Glory mpaka mlangoni kwangu, na kilemba nimekibeba kwa mikono miwili kama sadaka, ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda.

Nikaingia. Moshi bado unaelea. Mama mkwe yuko palepale, nywele zake zenye mvi ziko wazi, na mimi sikuwahi kuziona maishani. Nikapiga goti, nikaangalia sakafu, nikamkabidhi. Akakichukua, akakikung'uta majani, akaanza kukifunga polepole.

"Baba Doreen," akasema.

"Naam, Mama."

"Wale simba unaotusimuliaga. Wao ulikuwa unawafanyaje?"

Mabega ya Naomi yakaanza kutikisika. Akageukia ukuta.

"Mwacheni," Baba mkwe akasema. "Alikuwa anakimbilia kuita msaada." Akanitazama. "Si ndiyo?"

Sijawahi kupendwa namna ile. "Ndiyo, Baba."

"Haya," Mama mkwe akasema. "Msaada uko wapi?"

Hapo Naomi akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyamaza, akainuka, akaweka kiganja juu ya kasha. Akauliza taratibu, "Imekufa yote?"

Wadau, aibu yote ilikuwa cha mtoto kwa swali lile. Nilitamani anitukane. Nikatoka nje kumpigia Frank.

"Ile swichi nyekundu umeigusa?" Hata salamu hakunipa.

"Niliiweka kwenye matumizi madogo."

"Matumizi gani?"

"Madogo. Mia na kumi na tano."

"Ngoja kidogo." Akaweka simu chini. Nikamsikia anacheka kwa mbali, kisha anawasimulia wenzake, kisha nao wanacheka. Akarudi na sauti ya daktari. "Ile namba ni ya nchi zenye umeme mdogo. Wa kwetu ni mara mbili yake. Lete mashine yote, usiiwashe tena."

Baba mkwe akasema tunakwenda wote. Tukachukua bajaji, kasha akalipakata yeye kama mtoto mwenye homa. Tulikuwa tumefika mbali ndipo akakohoa.

"Baba Doreen. Mimi pale mbele na fimbo…"

"Ulikuwa shujaa, Baba."

"Magoti. Yangekubali, tungekutana kwenye migomba." Akatazama barabara. "Mama yako asijue."

(Mama, kama umeonyeshwa hapa, hii sehemu nimetunga.)

Kwa Frank ikafunguliwa. Akaitoa pawasaplai yangu, akaitikisa, ikalia kama njuga. Akaunganisha ile nzito niliyoikataa asubuhi. Mimi nilifumba macho. Baba mkwe alinishika mkono, sijui ananifariji au ananizuia. Nikasikia feni zinavuma. Nikafungua jicho moja: maandishi kwenye skrini, taa zinacheza. Prosesa nzima! Ram nzima! Boksi lile la bei poa lilikufa peke yake, halikuondoka na mtu.

Kulipia ile nzito sikuwa na kitu mfukoni. Frank akazitazama feni zangu za taa. Mimi nikamtazama yeye. Akachukua bisibisi.

Basi kompyuta ikarudi Sekei na feni nyeusi za kawaida. Ubavu wa kioo umebaki, unaonyesha giza vizuri sana.

Kabla sijaichomeka tena, Mama mkwe akasimama, akamchukua Doreen. "Safari hii tutangulie sisi kutoka. Mlango tumwachie wazi."

Wakatoka wote, wakajipanga uani. Mama Glory naye akaja (sijui nani alimwita), akasimama upande wa migomba yake kabisa, mikono kiunoni. Nikabaki peke yangu na Mungu wangu. Nikawasha.

Ikawaka. Kimyakimya, kama kitu cha watu wenye akili.

"Imewaka!" nikapiga kelele.

Hakuna aliyeingia. Wakasubiri wahakikishe. Mwishowe Naomi akaja, akavuta kiti, akaanza kazi. Nikampa maji, hakuyaona. Muda huu naandika amekaa mbele yangu, mchungaji ametokea kwenye video, tena mzima, na mjomba kabakizwa mara moja.

Loshoro tumekula wote. Wakati wa kuondoka nikasimama mbali, macho chini, kama siku zote. Mama mkwe akaja mwenyewe mpaka nilipo, akanipiga begani kwa kiganja, mara moja, akacheka. Miaka yote hii ya ndoa hajawahi. Kisha akapanda bajaji, na kabla haijakata kona nikamsikia yuko hewani na dada yake: "Kaniruka mwenzangu! Mzimamzima! Kama swala!"

Kwa hiyo habari inapanda mlima sasa hivi, siwezi kuizuia. Cheka wewe wa mbali, ila tukikutana barabarani nisalimie kama mtu mzima mwenzako. Na wewe unayepanga kuunda kompyuta nyumbani: kwenye pawasaplai usibane, na mama mkwe mkalishe mbali na mlango.